Kuchagua bloki ya injini ya gari la nguvu ukiwa Nairobi

Kabla hujashuka Kirinyaga Road, mtaa wa vipuri, kutafuta bloki (mwili wa injini wenye silinda), andika mambo matatu kwenye karatasi: nguvu unayoitaka, mizunguko ya injini ambapo nguvu hiyo itatoka, na kazi ya gari lenyewe. Wengi huanza na jina, 2JZ ya Toyota au EJ207 ya Subaru, na pesa zote zinaishia kwenye jina hilo. Za kupima na kuchonga hazibaki. Bloki ya kawaida iliyo nzima, iliyopimwa na kuchongwa sawasawa, itadumu kuliko bloki maarufu iliyowahi kuchemka.

Mizunguko ina maana kwa sababu bloki inabeba torki, yaani nguvu ya kuzungusha. Kilowati 300, yaani karibu nguvu za farasi 400, zikitoka kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika, torki ni Nm 409. Kilowati hizohizo zikitoka kwenye mizunguko 4,500, torki inafika Nm 637. Tabo (turbo, inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini) ndogo inayoamka mapema hufurahisha barabarani, ila ndiyo inayopinda konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na kranki, shafti inayozunguka), kuinua hedi (kifuniko cha juu cha silinda) na kutikisa silinda. Tabo kubwa ya mizunguko ya juu huhamishia mzigo kwenye bolti za konrodi na mfumo wa oili. Amua unakwenda upande gani kwanza, maana bloki inayofaa huku si lazima ifae kule.

Kisha kuna mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,795 juu ya bahari, na presha ya hewa hapa ni kama kPa 82, wakati pwani ni 101. Injini isiyo na tabo inapoteza kati ya asilimia 15 na 20 ya nguvu zake. Yenye tabo unaweza kuirudishia, lakini tabo itazunguka kasi zaidi na hewa itatoka ikiwa moto zaidi. Presha ya tabo ikisoma bar 1.4 kwenye geji, hapa jumla yake ni bar 2.2; Mombasa ni bar 2.4. Gari lililotuniwa Nairobi kwa kontrola ya mkono, isiyojua mwinuko, likiteremka pwani linameza karibu asilimia 9 ya hewa zaidi, kwenye joto zaidi. Injini inaanza kunoki, yaani mafuta yanalipuka yenyewe ndani ya silinda, na kunoki ndiko kunakopasua pistoni na kuta za silinda. Kama gari litasafiri, chagua bloki kwa hesabu ya pwani.

Maji nayo, yakiwa wazi, huchemka hapa kwenye nyuzi 94 hivi, na hewa nyepesi hupoza radieta kidogo kuliko kule chini. Ndiyo maana bloki za alumini zilizotumiwa kwa maji ya bomba bila kulanti ni za kuangaliwa kwa jicho kali.

Uso wa juu wa bloki

Toa hedi, utazame silinda zimeshikwaje juu. Uso huo ndio deki. Kwenye deki wazi, silinda zimesimama ndani ya maji bila kushikwa na kuta za nje. Kwenye deki nusu kuna madaraja machache ya kuzishika. Kwenye deki iliyofungwa, uso wote ni kipande kimoja chenye matundu ya maji. Presha ya ndani ikipanda sana, silinda ya deki wazi hucheza upande kwa upande, inasugua gasketi ya hedi hadi inavuja. Fundi akibadilisha gasketi bila kugundua hilo, itavuja tena.

Subaru ndiyo mfano unaoeleweka haraka hapa mjini. EJ20 ina silinda za mm 92, EJ25 za mm 99.5, na umbali kutoka katikati ya silinda moja hadi ya jirani yake ni mm 113 kwa zote mbili. EJ20 inabakiwa na mm 21 kati ya silinda na silinda. EJ25 inabakiwa na mm 13.5 tu. Halafu pistoni kubwa inapokea nguvu kubwa: kwa presha ya bar 100, pistoni ya mm 92 inasukumwa na kN 66, ya mm 99.5 na kN 78. EJ25 ina torki tamu ya chini, na kwa gari la mjini lenye tabo ya kiasi inafaa kabisa. Kwa presha kubwa, EJ20 ya deki nusu ndiyo msingi bora. Kati ya EJ20, EJ205 nyingi ni deki wazi, EJ207 ni deki nusu, lakini usinunue kwa kibandiko au kwa maneno. Angalia kwa macho yako.

Bloki ya EJ ina nusu mbili zilizochongwa pamoja kiwandani. Ukiuziwa nusu ya injini hii na nusu ya injini ile, matundu ya kranki hayatanyooka na beringi zitaisha mapema. Mtu akikwambia “zinaingiliana tu”, mwachie.

Bloki za chuma cha kusubu zinavumilia zaidi. 4G63 ya Mitsubishi, mm 85 kwa 88 (kipenyo cha silinda kwa mwendo wa pistoni), ina kuta imara na inachongeka vizuri. Hesabu bolti za flaiwili: zipo za bolti 6 na za bolti 7, na baadhi ya zile za bolti 7 zinajulikana kwa kranki kusogea mbele na nyuma. Weka geji ya saa (yenye mshale, ya kupima mchezo) kwenye ncha ya kranki, isukume na kuivuta kwa bisibisi. Mchezo ukipita mm 0.25, shuku beringi za pembeni na sehemu zinapokaa.

Kwa Toyota, 2JZ ni mm 86 kwa 86 na 1JZ ni mm 86 kwa 71.5, zote za chuma. 2JZ-GTE, yenye tabo, ni ghali na huchelewa kupatikana, lakini bloki ya 2JZ-GE, isiyo na tabo, inatoka familia ileile, na kwa mtu anayebadilisha pistoni na konrodi ni msingi wa busara. Angalia kama ina vinyunyizio vya oili chini ya pistoni, kwani GTE inavyo na GE kwa kawaida haina. Konrodi za GE ya VVT-i (yenye vali zinazobadilisha wakati wa kufunguka) ni nyembamba. Usiziwekee tabo kubwa. Zile za FSE, zenye kunyunyiza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, ziache kwa kazi hii.

RB26 ya Nissan ni chuma pia, mm 86 kwa 73.7. SR20DET ni alumini yenye slivu za chuma, mm 86 kwa 86, nyepesi na nzuri kwa gari dogo. K20 ya Honda ni alumini vilevile, na bila tabo inapendeza kuliko nyingi, ila kumbuka kile mwinuko unachokula.

Kwa muuzaji

Nenda na rula ya chuma iliyonyooka ya sentimita 50, fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), tochi, sumaku, maikromita na geji ya silinda. Bloki iliyopakwa rangi ya fedha ikang'aa haikwambii lolote. Kwangua rangi karibu na matundu ya maji na mahali pa bolti. Weka rula juu ya deki kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari zote mbili, ujaribu kupitisha fila ya mm 0.05. Ikipita, deki imepinda. Bado inaweza kusagwa, lakini uliza ilishasagwa mara ngapi, maana pistoni ikikaribia sana hedi mgandamizo unapanda na vali zinaweza kugongwa.

Pima kila silinda sehemu tatu, juu, katikati na chini, na kila sehemu pima pande mbili: sambamba na kranki, kisha kukingama. Andika namba sita kwa kila silinda. Juu ikizidi chini, silinda imechongoka. Pande mbili zikitofautiana, imekuwa yai. Ikipita mm 0.05 kwa lolote kati ya hayo, hesabu kuchonga. Pitisha ukucha ndani ya silinda kutoka chini kwenda juu. Ukikwama chini kidogo ya mwisho wa juu, hapo ringi ya juu imekula ngazi. Ukikwama kwenye mchubuko wa wima, injini iliwahi kukosa oili au kuchemka.

Mulika matundu ya maji. Unga wa kahawia na meno meno kwenye kingo za alumini ni kutu ya maji ya bomba, na gasketi haitapata pa kukaa. Jaribu bolti ya hedi kwenye kila tundu kwa mkono. Ikicheza au ikitoka na vinyoya vya alumini, nyuzi zimekwisha. Kwenye oili iliyobaki chini ya kranki zungusha sumaku. Chuma kitashikwa, ila unga wa beringi wa rangi ya shaba hautashikwa, kwa hiyo tazama kwa tochi pia.

Mwisho wa ununuzi ni karatasi. Namba ya injini imegongwa kwenye bloki na iko kwenye logbook. Ukibadilisha bloki, rekodi ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, nayo ibadilishwe. Dai risiti yenye namba ya injini na karatasi za forodha. Bloki iliyosagwa namba isikuondolee shilingi hata moja. Na uandikiane na muuzaji kwamba kipimo cha nyufa kikishindwa, bloki inarudi.

Kipimo chenyewe: chuma hupimwa kwa sumaku na unga wake, alumini kwa rangi ya kupenya, na zote mbili kwa kuziba matundu ya maji na kupuliza hewa ndani huku bloki ikiwa imezamishwa kwenye maji ya moto. Fanya hivyo kabla ya kutumia hela nyingine yoyote.

Kuchonga

Nunua pistoni kwanza, uzipeleke kwa fundi pamoja na bloki. Silinda inachongwa kufuata pistoni iliyo mkononi, na nafasi kati ya pistoni na ukuta inatoka kwenye karatasi ya mtengenezaji. Pistoni za aloi ya alumini ya 2618 hupanuka zaidi ya zile za 4032, hivyo huhitaji nafasi kubwa na hugonga kidogo injini ikiwa baridi. Usichonge zaidi ya ulazima: mm 0.25 ikitosha kuondoa mikwaruzo, mm 0.50 ni kutupa ukuta wa silinda.

Uliza karakana kama ina bamba la torki la injini yako. Hili hufungwa juu ya bloki kwa bolti na torki ileile ya hedi wakati silinda inapigwa honi, yaani kusuguliwa ndani kwa mawe ya kunolea. Bila bamba, silinda inatoka duara kwenye mashine na kugeuka yai siku hedi inapofungwa. Ukitumia bolti ndefu za kampuni ya ARP mahali pa zile za kiwandani, bamba lifungwe na hizohizo. Usipime bloki iliyotoka juani. Bloki, pistoni na maikromita zilale chumba kimoja usiku mzima.

Nafasi ya beringi kwenye bloki ya chuma huanzia karibu mm 0.001 kwa kila milimita ya shingo ya kranki, yaani mm 0.05 kwa shingo ya mm 52. Usipeleke kanuni hiyo kwenye beringi kuu za Subaru. Alumini ikipata moto hupanuka kuliko kranki na nafasi inaongezeka yenyewe, kwa hiyo fuata kitabu.

Baada ya honi, osha silinda kwa maji ya moto, sabuni ya vyombo na brashi ngumu. Petroli haitoshi, huacha unga wa jiwe ndani ya mikwaruzo. Kausha, futa kwa kitambaa cheupe chenye oili, rudia mpaka kitambaa kitoke bila rangi ya kijivu. Paka oili papo hapo, kwani chuma kitupu kinashika kutu hata kabla ya jioni, kisha funga bloki kwenye mfuko wa plastiki mpaka siku ya kuiunganisha.