Taa ya breki inapowaka kwenye gari la zamani: namna ya kutafuta chanzo

Taa nyekundu ya breki kwenye dashibodi ya gari la zamani ni kifaa chepesi kuliko wengi wanavyodhani. Hakuna kompyuta nyuma yake. Balbu hupata umeme kutoka swichi ya ufunguo, na waya wake wa pili huelekea kwenye swichi moja, mbili au tatu, ambazo kazi yao ni kuugusisha waya huo kwenye bodi ya gari, yaani upande hasi wa betri. Kwa hiyo taa inapowaka inasema jambo moja tu: mahali fulani, waya huo umegusana na bodi. Huenda breki ya mkono haijashuka yote, huenda mafuta ya breki yamepungua, huenda mfumo mmoja umepoteza shinikizo, na huenda pia panya wametafuna ganda la waya na breki zenyewe hazina kasoro yoyote.

Kwa kuwa taa haiwezi kutofautisha mambo hayo, mpangilio wa uchunguzi ndio unaomlinda dereva. Breki huchunguzwa kwanza, umeme baadaye. Fundi anayeanza kwa kuchomoa waya ili taa izime anaweza kuwa amezima onyo la kweli, na gari litaondoka gereji likiwa na hatari ileile, tofauti ikiwa kwamba sasa hakuna wa kuitangaza.

Anza na pedali, gari likiwa limesimama mahali tambarare na magurudumu yamewekewa kabari. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita hadi pedali iwe ngumu, kisha ikandamize kwa nguvu na uishikilie kwa nusu dakika hivi. Pedali nzima hubaki palepale. Ikiwa inazama polepole kuelekea sakafuni ilhali huoni tone popote, raba za ndani ya masta silinda, yaani silinda kuu ambayo pedali huitumia kusukuma mafuta ya breki, zinapitisha mafuta, na hilo peke yake latosha kuliacha gari lisitembee. Ikiwa inabonyea kama sponji, kuna upepo ndani ya mabomba. Ikiwa inashuka sana mara ya kwanza na kupanda mara ya pili, mara nyingi breki za drami (za ngoma) zimelegea na zinahitaji kukazwa. Mwisho, washa injini mguu ukiwa bado juu ya pedali: kwenye gari lenye sevo, yaani kifaa kinachotumia ombwe (mvuto wa hewa) kuuongezea mguu nguvu, pedali inapaswa kushuka kidogo, na isiposhuka, ama sevo imekufa ama haipati ombwe.

Jambo la pili ni kisima cha mafuta ya breki. Futa kifuniko na sehemu zote zinazokizunguka kabla ya kukifungua, kwa sababu chembe moja ya mchanga ikiingia humo huenda ikakwaruza silinda nzima. Magari mengi ya tangu mwisho wa miaka ya 1960 yana mifumo miwili ya mafuta iliyotengana ndani ya masta silinda moja, kila mmoja ukihudumia magurudumu yake. Marekani iliufanya utengano huo, pamoja na taa ya onyo, kuwa sharti kwa magari mapya ya abiria kuanzia 1968. Kisima chao huwa na vyumba viwili, na chumba kilichopungua zaidi kinakuelekeza moja kwa moja kwenye mfumo wa kuukagua.

Usikimbilie kujaza. Mafuta ya breki hayaunguzwi kama ya injini, hivyo yakipungua ama yamevuja ama yamefuata pistoni za kalipa (kifaa kinachozibana pedi kwenye diski) zilizotoka nje zaidi kadiri pedi zinavyolika. Pima unene wa pedi kwanza. Zikiwa bado nene, tafuta unyevu: upande wa ndani wa kila tairi, sehemu ya chini ya bamba linaloshikilia breki za drami, maungio ya mabomba, na mipira inayoelekea magurudumu ya mbele. Vuta kingo za raba za silinda za magurudumu ya nyuma kwa ncha ya bisibisi. Tone likidondoka, silinda hiyo imekwisha, hata kama nje inaonekana kavu. Mahali panaposahaulika zaidi ni nyuma ya masta silinda, inapokutana na sevo. Mafuta yanayovuja hapo huingia ndani ya sevo na wakati mwingine hunyonywa na injini, na dalili pekee nje huwa moshi mweupe au rangi iliyovimba na kubanduka chini ya masta silinda. Mafuta ya breki ya madaraja ya DOT 3 na DOT 4 hula rangi ya gari, hivyo rangi iliyoharibika ni shahidi mzuri. Yote mawili pia hufyonza maji kutoka hewani: DOT 4 mpya haichemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini kiwango chake cha chini kikiwa na maji ni nyuzi 155 tu. Usiyachanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni.

Breki zikishathibitika kuwa nzima, ndipo umeme unapopata zamu yake. Washa ufunguo bila kuwasha injini, kisha chomoa waya wa swichi moja baada ya nyingine ukiitazama taa. Swichi ambayo waya wake ukichomolewa taa inazima ndiyo inayoiwasha. Swichi ya breki ya mkono huwa chini ya mkono wenyewe, na mara nyingi kasoro yake ni kibati kilichopinda au kebo iliyochakaa isiyouacha mkono ushuke kabisa. Uinue mkono kwa kidole milimita chache, uushushe, na utaona. Swichi ya kisima ina kielea ndani ya kifuniko. Kielea cha plastiki kikizeeka hupasuka, kikajaa mafuta na kuzama, na taa ikawaka ilhali kisima kimejaa.

Swichi ya tatu ndiyo inayowasumbua watu zaidi, na nakiri kwamba iliwahi kunipotezea alasiri nzima. Ni kipande kidogo cha shaba au chuma kilicho karibu na masta silinda, ambacho mabomba ya mifumo yote miwili hupitia. Ndani yake kuna pistoni ndogo yenye mfuo katikati, na pini ya swichi hukaa ndani ya mfuo huo. Shinikizo likiwa sawa pande zote, pistoni hutulia. Upande mmoja ukipoteza shinikizo, upande mzima huisukuma pistoni kuelekea upande dhaifu, pini inapanda ukingo wa mfuo, na taa inawaka. Kwenye baadhi ya magari, pistoni hurudishwa na springi. Kwenye mengine hubaki ilikosukumwa hata baada ya matengenezo, hadi mtu airudishe.

Nilikuwa nimebadilisha silinda moja ya nyuma na kutoa upepo kwa kukanyaga pedali hadi sakafuni. Breki zilirudi imara, taa ikabaki inawaka. Nilifungua dashibodi, nikafuata waya, nikasafisha kila kiungo, na mwishowe nikachomoa waya mmoja kwenye kile kipande cha shaba na taa ikazima papo hapo. Pistoni ilikuwa imekwama upande wa nyuma, ambako mimi mwenyewe nilifungua nipo, yaani skrubu ya kutolea upepo. Kukanyaga hadi sakafuni kuna ubaya mwingine pia: raba za masta silinda kuukuu hufika sehemu ya silinda zisiyoizoea, yenye kutu, na huko huchanika. Weka kipande cha ubao chini ya pedali ili isishuke yote.

Kuirudisha pistoni ni kazi ya watu wawili. Shusha breki ya mkono ili swichi yake isikuchanganye, ukiwa umehakikisha kabari zimekaa sawasawa, na washa ufunguo. Fungua kidogo nipo ya kutolea upepo ya mfumo ambao haukuwa na kasoro, yaani upande wa pili wa ule uliotengenezwa, na mpira wake uwe umezamishwa kwenye chupa yenye mafuta safi. Mwenzako akanyage polepole sana, akiikodolea macho taa. Ikizima tu, asimamishe mguu palepale na asiuinue, nawe ufunge nipo mara moja. Akipitiliza, pistoni itahamia upande wa pili na taa itawaka tena, na itabidi urudie zoezi kwa kufungua upande mwingine. Kabla ya hayo yote, fungua swichi yenyewe uone tundu lake. Linapaswa kuwa kavu. Ukikuta mafuta humo, raba za pistoni zimechoka, na kuirudisha katikati hakutasaidia kitu. Kipande chote kinahitaji kufunguliwa, kusafishwa na kuwekewa raba mpya.

Ikiwa umechomoa swichi zote na taa bado inawaka, kasoro iko kwenye waya au kwingineko kabisa. Tenganisha betri, pima kwa multimita kati ya waya wa taa na bodi, kisha tikisa waya sehemu kwa sehemu ukitazama namba. Mahali inapobadilika ghafla ndipo ganda lilipochubuka, na mara nyingi ni pale waya unapopenya ukuta wa chuma ulio kati ya injini na abiria. Swichi ya ufunguo nayo huchangia, kwa kuwa kwenye magari mengi ndiyo inayoiwasha taa kwa muda wakati wa kupiga stata ili balbu ijaribiwe. Magari kadhaa ya Kijapani ya miaka ya 1970 na 1980 huunganisha taa ya breki na saketi ya taa ya chaji, hivyo diodi (vipande vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu) za alteneta, mashine inayochaji betri, zikifa, zote mbili huwaka, hata kwa mwanga hafifu. Pima betri injini ikinguruma: chini ya volti 13, shughulikia alteneta kwanza. Kwenye baadhi ya magari ya dizeli, taa hiyohiyo huonya kuwa pampu ya ombwe imechoka.

Taa isiyowaka kabisa nayo ni kasoro. Chomoa waya wa swichi yoyote, uuguse kwenye chuma kisicho na rangi ufunguo ukiwa umewashwa. Isipowaka, balbu imeungua au fyuzi imekatika. Baada ya matengenezo, weka alama ya usawa wa mafuta kwenye kisima, endesha polepole mahali pasipo na magari, kisha uiangalie alama hiyo tena kesho yake asubuhi kabla ya kuwasha injini.