Badala ya kuuliza "Mmeelewa?"

Walimu wenzangu, swali la "Mmeelewa?" tuliache. Darasa la watoto 70 litaitikia "Ndiyooo!" hata kama nusu wameachwa njiani. Andika ubaoni swali moja lenye majibu matatu, wape nusu dakika ya kimya, kisha sema "Onyesha": kila mmoja aweke kidole kimoja, viwili au vitatu kifuani, kulingana na namba ya jibu alilochagua. Kifuani, si juu, maana mikono ikiinuliwa wa nyuma wanaiga wa mbele. Kazi kubwa ni kuchagua majibu ya makosa. Yatoe kwenye madaftari yao wenyewe. Kwa 1/2 + 1/3 niliweka (1) 2/5, (2) 5/6, (3) 1/6. Nikaona kidole kimoja kila kona: walijumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi, asili (namba ya chini) kwa asili. Nilijua pa kurudi kabla kengele haijalia. Njia hii haifai kwa insha wala maswali ya "kwa nini", na wapo wanaopatia kwa kubahatisha, hivyo mwite mmoja aeleze alivyopata. Na aliyekosea akichekwa, kesho wote watasubiri kwanza kidole cha anayeongoza darasa.