Somo: Unga wa soya usionuka maharage mabichi

Jambo wote. Tangu niweke hapa kundini picha ya kikombe changu cha asubuhi, swali limekuwa lile lile: mama, unakunywaje unga wa soya bila kufumba macho? Leo ninajibu kwa kirefu, maana hapa Bukavu tuna soya nzuri kutoka Walungu na Kabare, na inaniuma kuona mtu anaionja mara moja, anakunja uso, halafu hairudii tena maisha yake yote.

Mara ya kwanza nilinunua kilo tatu pale soko la Kadutu, punje safi za manjano. Nikaziosha, nikazianika, nikazipeleka mashini zikiwa mbichi, nikidhani nitaukaanga unga wenyewe nikifika nyumbani. Mtoto wangu wa mwisho alishika kikombe kwa mikono miwili, akanusa, akakirudisha mezani polepole. "Mama, iko na harufu ya majani." Nikaongeza sukari. Akanywa vijiko viwili kwa kunihurumia, akaacha.

Mtoto alisema kweli. Ndani ya punje ya soya kuna kimeng'enya, yaani protini inayochochea mabadiliko, kinachoitwa lipoksijenasi. Punje ikiwa nzima na kavu, kimetulia. Ikipasuka na kupata maji na hewa, kinayavamia mafuta ya soya, ambayo ni karibu asilimia 20 ya punje, na kutoa vitu kadhaa vyenye harufu. Kimojawapo ni heksanali, na harufu yake ni ile ya nyasi zilizokatwa sasa hivi. Kazi yote hiyo ni ya dakika chache. Harufu ikishashikamana na protini, haing'oki kwa sukari. Kwa hiyo utamu wa unga wako unaamuliwa kabla punje haijapasuka, na silaha yako ni maji ya moto.

Hatua ya 1: kuchagua. Mwaga soya kwenye ungo, toa mawe, punje zilizovunjika na zenye ukungu. Zilizovunjika msizionee huruma, hizo zimeshaanza kuharibika kwa ndani.

Hatua ya 2: kuchemsha. Hapa ndipo penye somo lote, someni taratibu. Msiloweke soya kwenye maji baridi usiku kucha. Kwa kilo 1 ya soya, bandika lita 4 za maji na kijiko kimoja cha supu cha bikaboneti (soda ya kuokea), kilichosawazishwa. Ngoja maji yachemke kabisa, yatoe mapovu makubwa. Ndipo utie soya kavu, konzi moja moja. Ukitia konzi, mapovu yanapungua. Subiri yarudi, tia nyingine. Ukimwaga kilo nzima kwa mara moja, maji yanapoa, soya inakaa kwenye uvuguvugu, na uvuguvugu ndio kimeng'enya kinaupenda.

Joto likipita nyuzi 80 kinaanza kufa. Sisi huku tuko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama kwa watu wa pwani. Inatosha, ila usifupishe muda: dakika 30 tangu mapovu yarudi baada ya konzi ya mwisho. Povu jeupe litapanda, litataka kumwagika kwenye mbabula, jiko la makaa. Liengue na uendelee. Muda huo pia unavunja vitu vilivyo ndani ya soya mbichi vinavyozuia tumbo kusaga protini, ndiyo maana aliyekula soya isiyoiva analalamika gesi na maumivu.

Mwaga maji hayo ya manjano, usipikie kitu kingine. Suuza mara mbili.

Hatua ya 3: kumenya. Sugua punje kati ya viganja ndani ya beseni la maji. Maganda yanaelea, unayaengua. Mimi nikifikisha robo tatu ya punje zilizo uchi, nafurahi, naacha. Ganda linaleta ukali kidogo na linafanya unga uwe mchanga ulimini.

Hatua ya 4: kukausha. Kiangazi, Juni hadi Agosti, siku mbili za jua zinatosha. Mvua ikirudi mwezi wa tisa ndipo kazi inapokuwa ngumu. Tandaza nyembamba, punje moja juu ya mkeka bila mwenzake mgongoni. Mawingu yakikaza, maliza kwenye sufuria kwa moto mdogo siku hiyo hiyo. Punje yenye maji iliyolala usiku inachachuka, na chachu hiyo utaionja mpaka mwisho wa kopo.

Hatua ya 5: kukaanga. Makala (makaa) yawe yameshika yote, mekundu, bila moshi, kwa sababu soya inanyonya moshi kama nguo. Sufuria nzito, moto mdogo, mwiko usipumzike. Dakika kumi za kwanza hutaona kitu. Halafu punje zinaanza kulia, tik, tik, na harufu inageuka: ile ya maharage inaondoka, inakuja ya karanga. Toa punje moja, ipoe, iume katikati. Ikivunjika kwa mlio na ndani iwe rangi ya asali nyepesi, epua na uimwage mara moja kwenye ungo, maana sufuria inaendelea kukaanga hata chini. Ikifika kahawia iliyokolea umechelewa, unga utakuwa mchungu.

Hatua ya 6: kusaga. Soya peke yake ina mafuta, inaziba mashini, na mwenye mashini atakununia. Ukitaka masoso, ule unga wa uji wa mchanganyiko, changanya kabisa na mahindi na mtama uliokaangwa, soya iwe robo. Mahindi na soya zinasaidiana: protini imejengwa kwa vipande vidogo, mahindi yamepungukiwa kipande kiitwacho lisini, soya inayo kwa wingi, soya imepungukiwa kingine, methionini, mahindi yanaijaza. Ukitaka soya tupu, saga kidogo kidogo, na uliza kwanza mashini ilikuwa inasaga nini. Muhogo uliochachuka ukitangulia, unga wako umekwisha.

Chekecha, tia kwenye kopo linalofunga, weka gizani. Mafuta yake yanachacha, kwa hiyo saga wa mwezi mmoja tu.

Sasa kikombe chenyewe. Vijiko viwili vya supu vya unga, maji kidogo, koroga uwe ugali laini usio na madonge. Ndipo uongeze maji na upike dakika 10. Tia chumvi, punje chache tu kwenye ncha za vidole. Wengi wanaikataa chumvi hapa na wanakosea: chumvi inazima uchungu, na sukari inaonekana zaidi bila kuiongeza. Kisha ndizi mbivu, yenye madoa meusi, iliyopondwa. Kijiko cha karanga zilizosagwa. Karanga ni ndugu wa soya, harufu zao hazigombani. Kakao inafanya kazi vizuri kuliko vanila, kwa sababu uchungu wake wa kukaangwa unaufunika ule wa soya. Vanila inakaa juu tu. Tangawizi kwa asubuhi ya baridi. Mdalasini wekeni kidogo, ukizidi unakausha mdomo.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada wa Panzi: Mama, mimi sina wakati wa kumenya. Nanunua unga wa protini wa njegere dukani. Nao unanuka.

Njegere nazo zina kimeng'enya kama hicho, dada yangu, na harufu ilishaingia kiwandani. Kuitoa huwezi, unaifunika. Tumia ubaridi: kinywaji cha moto kinapandisha harufu puani, cha baridi kinaitulizia chini. Kwa hiyo ndizi, kakao, karanga, chumvi kidogo, maji baridi. Umeme ukikatika, ponda ndizi kwa uma, tia vyote kwenye chupa, tikisa kwa nguvu. Uonje kwanza kabla ya kutia sukari, maana unga mwingi wa duka umeshatiwa utamu tayari.

Mama wa Bagira: Wangu unakwaruza kooni kama mchanga.

Mambo mawili. Ama chekeche lako lina matundu makubwa, ama hukuupa unga muda wa kunywa maji. Koroga na maji kidogo, uache dakika 15 ndipo upike. Mimi nikiwa na haraka ya asubuhi, naulowesha usiku kwa maji ya moto, naufunika.

Kijana wa Ibanda: Nilitia marakuja kwenye uji wa moto, ukakatika vipande vipande. Umeharibika?

Haujaharibika, mwanangu. Protini ya soya ikikutana na uchachu inaganda, na kwenye joto inaganda haraka zaidi. Ndivyo wanavyotengeneza tofu, ile jibini ya soya. Acha uji upoe, tia marakuja mwishoni, koroga na unywe hapo hapo. Usiyaache, kwa sababu vitamini C yake inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye soya. Chai ndiyo ya kuacha, inywe saa moja au mbili baadaye.

Mama wa Kadutu: Mjukuu wangu ana miezi minne, nimwanzishie?

Hapana, mama. Maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi 6. Baada ya hapo anza na uji mwepesi, vijiko vichache, siku tatu bila kuongeza chakula kingine kipya. Ukiona vipele, kuvimba midomo au kutapika, acha na umpeleke kituo cha afya, kuna watoto ambao soya haiwapatani.

Kijana wa Nyawera, anayenyanyua vyuma: Protini iko ngapi? Inafikia ile ya kopo kubwa la Ulaya?

Kwa gramu haifikii, siwezi kukudanganya. Ile imechujwa mpaka protini iwe asilimia 80 au zaidi. Huu wetu una mafuta yake na wanga wake, kwa hiyo gramu 30 zinakupa protini gramu 11 hivi. Asubuhi gramu 30, jioni gramu 30, na sahani ya maharage au sambaza (samaki wadogo wa ziwa Kivu) katikati. Ila kaanga soya yako mwenyewe angalau mara moja, kijana, uisikie ile tik, tik kwenye sufuria. Ukikwama kwenye rangi, niletee picha ya punje iliyovunjwa katikati, nikuambie kama uendelee au uepue.