Kushusha tawi zito lililolalia paa la mabati: kamba, puli na mtu wa chini

Jumanne iliyopita kijana mmoja wa upande wa Maseno alinipigia simu akiwa juu ya mti. Hakungoja ashuke. Alikuwa huko huko juu, mkanda kiunoni, pawa, yaani msumeno wa injini, inaning'inia kando yake. "Fundi, kamba imekataa. Tawi limesimama hewani na mwenye boma anauliza kama leo atalala nje."

Nilimwambia azime pawa, ashuke, mengine tutaongea akiwa chini. Hayo mengine ndiyo haya, maana si yeye wa kwanza kunipigia, na mimi mwenyewe kamba iliwahi kunikatalia hapa Kisumu kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane. Tuchukue tawi kubwa la jakaranda lililolalia paa la mabati. Hilo huliangushi. Linashuka kwa kamba au linabaki huko.

Hatua ya 1: Zunguka mti

Angalia nyaya za stima kwanza. Zikipita karibu na tawi, hakuna kupanda hadi watu wa Kenya Power waje wazime laini. Mti mbichi umejaa maji, na kamba iliyolowa inapitisha stima vilevile. Kisha tafuta nyuki. Kisha gonga shina kwa kisigino cha shoka: likilia kama ngoma, ndani ni tupu. Uyoga ulioota kwenye shina au mizizi ni kuoza. Shina la namna hiyo sifungi puli, lile gurudumu la kupitishia kamba, hata niongezewe pesa.

Suala la kibali uliza ofisi ya kaunti kabla ya siku ya kazi, usingoje askari akukute juu.

Anza mapema. Upepo wa ziwa huamka mchana na mvua yetu hupenda jioni. Saa moja asubuhi mimi niko kwenye mti, na saa sita nataka niwe nakunywa chai.

Hatua ya 2: Jua uzito kabla ya kukata

Vijana wengi huruka hapa. Mti mbichi, hasa mkaratusi, uhesabu kilo 1,000 kwa kila mita ya ujazo. Kwa hesabu hiyo, kipande chenye upana wa sentimita 20 kina kilo kama 31 kwa kila mita ya urefu. Cha sentimita 30 kina kilo 70. Cha sentimita 40 kinafika kilo 125. Tazama vizuri: upana umeongezeka mara mbili, uzito umeongezeka mara nne. Macho hayakuonyeshi hivyo ukiwa chini. Halafu ongeza vitawi na majani. Ukipata zaidi ya kilo 100, likate vipande viwili. Mteja akilalamika kwamba unachelewa, mwache alalamike.

Hatua ya 3: Vifaa

Pawa ya juu ya mti iwe ndogo, ile yenye mpini juu. Nimeona watu wakipanda na Stihl 070, ile pawa kubwa. Ile ni mashine ya kupasua mbao, na ukishaweka baa (ule ulimi wa chuma unaozungukwa na cheni) na cheni yenyewe inapita kilo 10. Ukiishika kwa mkono mmoja siku moja itakugeukia. Vitawi vyembamba mimi navikata kwa msumeno wa mkono, na sioni aibu.

Petroli lita 5, oili ya moja kwa hamsini mililita 100. Usikadirie kwa kifuniko cha chupa. Oili chafu ya gari kwenye cheni siitaki, ina chembe za chuma zinazokula baa. Kunoa unajua.

Kamba ndiyo ya kutolea pesa. Usinunue zile za plastiki za buluu za kufungia mizigo kwenye lori, ambazo ukienda soko la Kibuye ndizo utaonyeshwa kwanza. Plastiki yake inayeyuka kwenye joto la kama nyuzi 165, na kamba ikikimbia kwenye gome hufika huko upesi kuliko unavyodhani. Katani haiyeyuki, lakini ikinyeshewa na kuwekwa stoo inaoza kwa ndani huku nje inang'aa. Tafuta ya polyester iliyosokotwa, unene wa milimita 14 au 16. Uzito unaoshusha usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito unaoikata kamba hiyo. Hilo si woga: fundo peke yake linaweza kuipunguzia kamba karibu nusu ya nguvu zake.

Puli moja ya chuma, helmeti mbili. Ya pili ni ya mtu wa chini, yule anayeshika kamba.

Hatua ya 4: Panda

Kama hujui kupanda, mwongozo huu si wako. Ninasema moja tu: pawa ikiwa imewashwa, uwe umefungwa mahali pawili, si mahali pamoja tu. Cheni haijui kamba ipi ni yako. Na gambuti ziache chini.

Hatua ya 5: Puli na fundo

Funga puli kwenye shina au kwenye panda imara ya matawi, juu kuliko tawi unalokata. Penye puli panabeba mara mbili: tawi la kilo 100 linavuta upande mmoja, mtu wa chini anavuta upande wa pili kulizuia, hivyo shina linabeba kama kilo 200. Tawi likianguka hata mita moja kabla kamba haijakaza, namba hiyo inaruka mara kadhaa. Kwa hiyo usiache kamba ikilegea.

Kwenye tawi natumia kitanzi cha kujikaza. Zungusha kamba kwenye tawi, kisha mwisho wake ufunge kitanzi kisichoteleza kuizunguka kamba yenyewe. Ukivuta, kinabana tawi.

Wapi pa kufunga? Ukifunga karibu na shina, ncha ndiyo itaanguka kwanza, na ncha iko juu ya mabati. Juu ya paa funga kuelekea nchani, kupita katikati ya uzito. Ncha itabaki juu na upande uliokatwa ndio utashuka, ukibembea kuja kwenye shina. Shinani ndipo ulipo wewe. Simama upande wa pili. Weka pia kamba nyembamba ya pili ya kuliongoza tawi, na mtu wa kuishika mbali na paa.

Hatua ya 6: Mizunguko ya mtu wa chini

Siku ile yangu, tawi lilikuwa la kilo kama 150. Sikuwa na puli. Nilipitisha kamba ya buluu kwenye panda ya mti, basi, nikamwambia tanboi wangu, yaani msaidizi, ashike. Alikuwa ameizungusha mara moja tu kwenye shina. Nilipokata, kamba ilimponyoka, ikakimbia, yeye akaikamata na kuzungusha haraka haraka mara tatu bila kuangalia. Tawi likasimama mita moja na nusu juu ya mabati. Vizuri. Lakini halikushuka tena. Huku juu kamba ilikuwa imeyeyuka na kushikana na gome pale kwenye panda, imekuwa ngumu na kung'aa kama mshumaa. Kule chini mzunguko mmoja ulikuwa umepanda juu ya mwingine na kujifunga. Kwa saa nne mama mwenye nyumba alikaa chini ya mwembe na watoto wake, akilitazama tawi, kisha akinitazama mimi.

Tuliokolewa na kamba ya pili. Nilipanda tena kwa upande wa mbali, nikafunga puli ya kuazima juu zaidi, nikaweka kitanzi kipya kwenye tawi. Chini tukazungusha kamba hiyo kwenye mti wa jirani, watu wanne wakavuta hadi ile ya zamani ikalegea. Ndipo nikaikata kwa msumeno wa mkono. Nasema wa mkono, kwa sababu kamba iliyokaza ukiigusa na pawa unaweza kukata usichokusudia.

Tangu siku hiyo, sikati kabla ya kushuka na macho yangu mwenyewe kukagua mizunguko:

Kila mzunguko kamili wa kamba kwenye gome la shina unapunguza sana nguvu inayomfikia mtu. Kwa tawi la kilo 50 naanza na miwili, kwa kilo 100 mitatu. Gome la jakaranda lina mikwaruzo na linashika. Mkaratusi uliobambuka ngozi unateleza, ongeza mmoja. Mvua ikinyesha gome huwa tofauti tena, pima upya.

Mizunguko ipangwe kandokando, kamba isipande juu ya kamba. Hapa ndipo kijana wa Maseno alikwama.

Pima kabla ya kukata: ning'inia kwenye kamba kwa uzito wako mwenyewe, mtu wa chini aishike kwa mkono mmoja. Akihangaika, mizunguko haitoshi. Lakini usijaze sita kwa woga. Tawi likisimama ghafla, mti wote unatikisika nawe ukiwa juu. Linatakiwa litembee kidogo, kisha libanwe polepole.

Asijifunge kamba mkononi wala kiunoni. Asisimame ndani ya kitanzi cha kamba iliyolala chini. Asimame mbali na tawi, mahali tunapoonana uso kwa uso, na avae glavu za ngozi. Mtu huyu mlipe vizuri. Ukimwokota kijiweni asubuhi ile kwa sababu ni rahisi, utajua mchana kwa nini alikuwa rahisi.

Hatua ya 7: Kata

Kata kwa chini kwanza, robo ya unene, ndipo ukate kwa juu, ili gome lisichanike hadi shinani. Kama mtu wa chini amekaza kamba kupita kiasi, ncha inainuka na sehemu ya juu inafunga: baa itabanwa. Mwambie alegeze kidogo. Ukisikia nyuzi za mti zikianza kulia, chomoa pawa, zima, shika mti. Maneno yetu ni matatu tu: "Tayari," "Inakuja," "Simama." Wengine wote wanyamaze, hasa mwenye nyumba.

Hatua ya 8: Kuni

Kubalianeni kuhusu kuni kabla ya kuanza, mbele ya mtu wa tatu. Niliwahi kupunguza bei kwa sababu kuni zingekuwa zangu, na nilipokuja na mkokoteni nikaambiwa zimeshaahidiwa shemeji.

Kijana wa Maseno alifunga mwisho wa kamba kwenye mti mwingine, akawahamisha watu wote waliokuwa chini ya tawi, akalala. Asubuhi alirudi na kamba ya pili na mizunguko mitatu iliyonyooka. Saa tatu alinitumia picha ya tawi likiwa limelala kwenye majani, mabati mazima. Sasa anabishana na mwenye boma kuhusu kuni.