SOMO: Bunduki na kaliba (aina na unene wa risasi) ya kuwindia kulungu Ohio (soma yote kabla ya kuuliza)

Wakuu, salaam.

Kila ikifika Oktoba simu yangu inageuka dawati la maulizo. Wiki hii peke yake watu wanne wameniuliza "kaka ninunue bunduki gani?", na watatu kati yao walikuwa wameshanunua. Naandika mara moja hapa. Kuanzia leo anayeuliza natuma linki, asinione nina roho mbaya.

Kulungu ninayemsema ni huyu wa Marekani mwenye mkia mweupe. Najua kulungu wa nyumbani ni mnyama mwingine, na najua Biblia ina ayala, lakini sijawahi kusikia mtu karudi porini akasema "nimepiga ayala". Tuendelee.

1. Leseni. Kozi ya usalama wa wawindaji, leseni ya kuwinda, kibali cha kulungu. Leseni na kibali vinapatikana kwenye programu ya HuntFish OH.

2. Makaratasi yako. Raia na mwenye ukaazi wa kudumu ananunua kama mtu mwingine, anajaza fomu 4473 dukani, anasubiri jina lichunguzwe. Aliyepo kwa viza ya muda, mathalani mwanafunzi, sheria ya shirikisho inamkataza kumiliki hata risasi moja, isipokuwa ana leseni halali ya kuwinda ya jimbo. Kwa hiyo huyo aanze na leseni, dukani aende baadaye. Kama kesi yako haiko wazi, muone mwanasheria wa uhamiaji, usimuulize jamaa wa kinyozi. Kudanganya kwenye ile fomu ni jinai, na kwa mgeni inaweza kuwa tiketi ya ndege.

3. Ganda la risasi. Hapa ndipo watu wanapoliwa hela. Weka mezani chupa ya soda na glasi. Risasi nyingi maarufu za kuwindia (.308, .270, .30-06, 6.5 Creedmoor) ganda lake ni kama chupa: chini pana, halafu mabega, halafu shingo nyembamba iliyoshika kichwa cha risasi. Baruti nyingi inasukuma kichwa chembamba, mwendo unakuwa mkali na risasi inafika mbali. Ohio mashamba ni tambarare na nyumba zimetapakaa, ndiyo maana kwa miaka mingi kulungu aliwindwa kwa shotgan na gobore. Raifo ziliruhusiwa 2014, kwa sharti kwamba ganda liwe limenyooka kama glasi, lisiwe na shingo. Kipenyo ni kuanzia .357 hadi .50 ya inchi. Hiyo .30-06 ya tangu 1906, bunduki ya heshima kabisa, ukivuka mto Ohio ukaingia Kentucky unaitumia bila shida. Upande wetu wa mto, unavunja sheria. West Virginia na sehemu kubwa ya Pennsylvania nako zenye shingo ruksa. Kwa hiyo ushauri wa binamu yako wa Pennsylvania ni mzuri, ila ni wa Pennsylvania. Kanuni hubadilika, fungua kitabu cha mwaka husika.

4. Kaliba yenyewe. Kwa anayeanza mimi nasema .350 Legend, na sioni haya kulirudia. Winchester waliitoa 2019 wakiwalenga hasa watu wa majimbo kama letu. Jina linasema .350, ila kipenyo chake kinahesabika .357, kwa hiyo haivunji sharti la hapo juu. Risasi ya greni 150 (greni ni kipimo cha uzito, hizo ni karibu gramu 10) inatoka mtutuni kwa mwendo wa mita 700 hivi kwa sekunde, teke lake dogo, na bei ya risasi haikufanyi uogope kufanya mazoezi. Ukiilinganisha, yaani ukirekebisha darubini ipige pale unapolenga, kwa yadi 100, ikifika yadi 200 imeshuka karibu shubiri nzima, kwa hiyo yadi 150 uifanye ndiyo mwisho wako. Misitu ya huku kulungu wengi utawaona ndani ya yadi 80.

.450 Bushmaster ina nguvu zaidi, risasi ya greni 250, lakini bega litakukumbusha wiki nzima. .45-70 ni ya jeshi la Marekani la 1873, bado inaangusha mnyama vizuri sana, na kwa bunduki ya wenzo (ile unayoikoki kwa mkono wa chuma chini ya kifyatulio) inapendeza mkononi. Risasi zake ni ghali. Mwenye shotgan ya geji (kipimo cha unene wa mtutu) 12 au 20 aongeze mtutu wenye mifuo ndani, atumie risasi moja nzima badala ya marisau. Hana haja ya kununua kitu kingine.

Mjomba wangu, aliyewahi kusindikiza wageni Selous, aliniambia kwa simu: "Chukua .375, mengine ni ya watoto." Mjomba, ile ni ya nyati. Dume la huku likifika kilo 90 baada ya kutolewa matumbo watu wanapiga picha. Halafu .375 H&H nayo ina shingo.

5. Aina ya bunduki. Ya bolti (unavuta komeo kwa mkono kila baada ya risasi), kwa sababu ni nyepesi kusafisha na rahisi kuona kama ina risasi. Darubini ya kukuza mara 3 hadi 9 inatosha.

6. Kulinganisha darubini na mtutu. Hapa niliharibu mimi mwenyewe, na sijasahau.

Nilikuwa nimetoka kwenye shotgan ya kuazima, nimenunua .350 yangu mpya. Nikaenda uwanja wa shabaha na maboksi mawili ya risasi za bei rahisi, zile za greni 145 zilizovikwa shaba kichwa kizima. Nikapiga, nikarekebisha, mpaka matundu matatu yakakaa ndani ya eneo la kifuniko cha chupa. Nikajiona fundi. Asubuhi ya Jumatatu baada ya Thanksgiving, ile sikukuu ya Novemba, nikapakia risasi za kuwindia, greni 180, ambazo sikuwahi kupiga hata moja kwa bunduki ile. Sikujua pia kwamba skrubu moja ya kishikilia darubini imelegea njiani. Kulungu jike akasimama kwa ubavu, kama yadi 90, ametulia. Nikalenga nyuma ya bega. Akajikunja mgongo, akakimbia amejipinda. Mtu mzoefu angejua papo hapo kwamba risasi imeingia tumboni. Nilifuata damu mpaka giza, damu yenyewe ya rangi ya kijani-kahawia, inanuka. Kesho yake nikarudi na jirani yangu. Hatukumpata. Wiki ileile nilipiga risasi zilezile kwenye karatasi: nusu shubiri kushoto, vidole vinne chini.

Kwa hiyo:

Linganisha kwa risasi utakayowinda nayo. Kampuni ileile, uzito uleule. Ukibadilisha boksi, anza upya.

Piga tatu tatu, siyo moja moja, uangalie katikati ya hizo tatu ndipo urekebishe. Mtutu ukishika moto, subiri. Weka bunduki juu ya mfuko wa mchanga, maana unapima bunduki, hupimi mikono yako.

Kaza skrubu zote kabla. Bunduki ikianguka, au ikisafiri kwenye barabara mbovu, rudi uwanjani hata kwa risasi tatu.

Na zile zilizovikwa shaba kichwa kizima ni za karatasi. Kwa mnyama zinapita moja kwa moja bila kupanuka, anakwenda kufa mbali, na koyoti, mbwa mwitu wadogo wa huku, wanakushukuru.

7. Siku yenyewe. Nguo ya rangi ya chungwa juu ya yote. Risasi tatu tu, ukijumlisha chumba na magazini. Shamba la mtu: ruhusa ya maandishi. Ukipanda mtini, jifunge mkanda kabla miguu haijaacha ardhi.

Maswali karibuni, ila yale ambayo hayajajibiwa hapo juu.

---

Kijana_wa_Dayton: Mkuu somo zuri sana. Mi nimepata .308 kwa bei ya kutupa, inafaa kwa msimu huu?

Mwandishi: Hatua ya 3.

Kijana_wa_Dayton: Nimeiona mkuu ila muuzaji kasema haina shida kwa kulungu.

Mwandishi: Kwa kulungu haina shida. Kwa askari wa wanyamapori ina shida. Muuzaji hakukuuliza unakwenda kuwinda jimbo gani, na wewe hukumwambia. Itunze, ni bunduki nzuri, siku utakayokwenda Kentucky utanikumbuka.

Maman_Furaha: Aksanti sana kwa mafasirio, ndugu. Miye natoka Bukavu, niko na kilo 54. Bwana yangu alinipa shotgan yake nijaribu, ilinipiga bega mpaka nikalia. Sasa kila mara nikitaka kufyatua, macho yanajifunga yenyewe. Ni bunduki ndiyo mbaya ama ni miye?

Mwandishi: Mama, karibu sana, swali hili wanaume wanaogopa kuliuliza. Ni bunduki ndiyo ilianza, sasa mwili umejifunza. Kwanza, kitako cha bunduki ya mzee ni kirefu kwako. Kunja kiwiko, weka kitako ndani ya kiwiko: kidole kikifika kwenye kifyatulio bila kujinyoosha, urefu unakufaa. Pili, .350 yenye mpira kwenye kitako, na masikio ufunike mara mbili, vizibo ndani na vya juu nje. Kinachotisha zaidi mara nyingi ni mlio, si teke. Tatu, nunua risasi za bandia za mazoezi. Mwambie bwana akupakie yeye, achanganye ya bandia na za kweli, wewe usijue ipi ni ipi. Ukifyatua ile ya bandia utaona mtutu unaruka wenyewe. Hapo umemkamata mwizi. Ukiona mtutu umetulia mara tano mfululizo, dawa imeingia. Risasi 20 kwa siku zinatosha, ukizidisha unajifunza woga upya.

Maman_Furaha: Nimecheka apo kwa mwizi. Ntajaribu siku ya posho.

Chuma_Cha_Pua: .350 ni kaliba ya akina dada. Nimeona video jamaa anasema haiangushi kitu zaidi ya yadi 100.

Mwandishi: Kulungu wangu watano wa mwisho hawakuona hiyo video. Na dada aliyeuliza hapo juu ana adabu zaidi yako. Nimeandika yadi 150 ndiyo mwisho, na nimeandika kwa nini. Ukitaka Bushmaster chukua, sijakushika mkono.

Fundi_Juma614: Mpwa wangu makaratasi yake hayajakaa sawa. Nikinunua ya kwangu halafu nimpe yeye awe nayo kabisa?

Mwandishi: Hapana. Hiyo ni jinai yako wewe na jinai yake yeye. Swali la kwanza kwenye 4473 ni kama unanunua kwa ajili yako. Usiulize tena hadharani.

Abu_Salim: Assalaam aleikum. Sisi huku msikitini tunabishana: mnyama aliyepigwa risasi ni halali au kibudu?

Mwandishi: Waaleikum salaam. Mimi si sheikh, nakuambia nilichoelekezwa na imamu wetu nilipomuuliza. Unapiga bismillahi wakati wa kufyatua, si ukishamfikia. Risasi iwe imepenya na kumtoa damu. Ukimkuta bado ana uhai, unamchinja hapohapo, kwa hiyo kisu kikali kiwe kiunoni, si kwenye gari. Ukimkuta kafa kwa jeraha lako, analiwa. Kwa hilo utaona hatua ya 6 ina uzito wake: yule wangu niliyempoteza hata ningempata kesho yake, imamu alisema ningekuwa na mashaka. Muulize na wako, wanazuoni wana maneno yao juu ya risasi.

Otieno_Cle: Sisi kwetu kuwinda kulifungwa 1977, kwa hivyo mimi hata babangu hakunifunza. Swali: nimesikia risasi inaacha madini ya risasi kwa nyama. Nina watoto wadogo. Ni ukweli ama ni hadithi?

Mwandishi: Ni kweli, na lugha yetu ilishatuonya, madini na kitu chenyewe jina moja. Kichwa cha kawaida kikigonga mfupa kinapasuka vipande vidogo usivyoviona kwa macho, vinasambaa mbali na jeraha. 2008 North Dakota nyama ya kulungu iliyotolewa sadaka ilipigwa eksirei, ikakutwa navyo, na idara ya afya ikaagiza iliyobaki itupwe. California tangu 2019 imekataza kabisa risasi za madini hayo kwa uwindaji. Ukiwa na watoto nunua za kuwindia za shaba tupu (siyo zile za karatasi zilizovikwa shaba), zipo za .350. Ni ghali kidogo, na lazima uzilinganishe upya. Ukibaki na za kawaida, kata nyama kwa ukarimu kuzunguka jeraha, utupe, usiisage.

Otieno_Cle: Asante sana. Na ule ugonjwa wa kulungu kukonda?

Mwandishi: Ohio ulionekana kwa kulungu wa porini mwishoni mwa 2020, kaunti ya Wyandot, na majirani zake Hardin na Marion wamo. Ukiwinda huko peleka kichwa kipimwe kabla hujala. Kulungu aliyekonda, anayetembea kama mlevi, usimpige kwa ajili ya sufuria. Piga simu kwa idara ya wanyamapori.

Bi_Mwanaisha: Nyie mwaongea bunduki tu. Hiyo nyama mwaipikaje? Alinipa jirani, ikawa kavu kama kandambili.

Mwandishi: Shikamoo Bi Mwanaisha. Haina mafuta ndani, ndiyo maana. Nyama ya paja nafanya mishkaki: papai bichi lililokunwa na tangawizi, dakika 40 tu, ukizidisha inakuwa uji. Kila vipande viwili vya kulungu weka kimoja cha mafuta ya ng'ombe kwenye kijiti. Na mafuta yake mwenyewe yatoe yote, yakipoa yanaganda kama mshumaa mdomoni.

Bi_Mwanaisha: Marahaba. Papai bichi wapata wapi Ohio?

Mwandishi: Duka la Wavietnamu. Uliza la kijani, wanaliweka karibu na mihogo.