Popo darini: namna ya kuwatoa bila kuwagusa

Kwanza hakikisha ni popo, si panya. Kinyesi chao hufanana kwa umbo, ila cha popo kikipondwa kwa kijiti juu ya karatasi yenye unyevu husambaratika na kuonyesha vipande vinavyometameta vya mabawa ya wadudu. Cha panya hubaki kigumu. Usikiponde kwa vidole, na usikinuse.

Ukishajua ni popo, weka kando dawa ya wadudu, moshi wa makaa na fimbo. Sababu ni kwamba popo anaweza kubeba virusi huku akionekana mzima: mwili wake huishi navyo bila kuugua sana kwa sababu kinga yake hukaa macho muda wote lakini haiwaki kupita kiasi. Popo akisumbuliwa hutawanyika, na anayeanguka chini ndiye huishia kuokotwa na mtoto au paka. Kuua nako hakusaidii. Katika mgodi wa Kitaka, Uganda, wachimbaji waliugua Marburg, homa kali ya virusi inayofanana na Ebola, mwaka 2007, na popo wa matunda wa mgodini wakaangamizwa. Wengine walirudi, na walipopimwa mwaka 2012 kiwango cha maambukizi kilikuwa zaidi ya maradufu ya kile cha awali.

Mwenye nyumba Nairobi asitishwe na jina la Marburg, lakini. Popo wanaohifadhi virusi hivyo hulala mapangoni, kama Kitum kule Mlima Elgon, palipohusishwa na wagonjwa wa mwaka 1980 na 1987. Wanaopenda mabati yetu ni popo wadogo walao wadudu. Katika jamii hiyo kuna popo aliyenaswa Taita mwaka 2018 akiwa na virusi vya Bombali, ndugu wa Ebola, ingawa hakuna mtu anayejulikana kuugua kwavyo. Hatari mbili za kushughulikia kwa dhati ni virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa, vinavyopita kwa kuumwa au kukwaruzwa, na kuvu ya histoplasma inayoota kwenye kinyesi na kuingia mapafuni kupitia vumbi.

Kutafuta mlango wao

Popo wengi huzaa karibu na misimu ya mvua, kwa hiyo kazi ifanywe Agosti na Septemba, au mwishoni mwa Januari hadi Februari. Hata hivyo miezi peke yake haitoshi, kwani baadhi yao huzaa mara mbili kwa mwaka. Mulika kwa tochi kupitia mlango wa dari ukiwa umevaa barakoa ya N95. Ukiona vichanga visivyo na manyoya, subiri wiki 6. Ukiwafungia mama zao nje, vitafia ndani na nyumba itanuka kwa majuma.

Jioni, kuanzia saa 12:15 hadi saa 1:15, watu wawili wasimame kwenye pembe mbili zinazokabiliana za nyumba, kila mmoja aone kuta mbili. Wekeni alama kwenye kila tundu wanakotokea. Mara nyingi huwa chini ya riji, nyuma ya ubao wa fashia, au pale mawimbi ya mabati yanapokutana na ukuta. Tafuta pia madoa ya mafuta ya kahawia ukingoni mwa tundu. Mwanya wa sentimita 1 tu unawatosha.

Mlango wa kutokea tu

Ziba nyufa zote wasizotumia, ila acha matundu makuu. Juu ya kila tundu kuu ning'iniza neti laini yenye matundu yasiyozidi milimita 5. Ipite kingo za tundu kwa sentimita 15 kila upande, ishuke sentimita 50 chini yake, ibanwe juu na pembeni, na chini ibaki wazi. Popo hutoka kwa kutambaa kisha hujiachia chini. Akirudi hulenga tundu lenyewe kwa harufu, hagundui kwamba njia iko chini.

Hapa ndipo mafundi wengi huharibu. Neti ikikazwa sana popo hawezi kutambaa nyuma yake, kwa hiyo iachie ulegevu wa upana wa ngumi. Neti ya matundu makubwa humnasa kidole gumba cha bawa. Kosa baya zaidi ni kuziba kila kitu mchana kwa siku moja: waliofungiwa hutafuta mwanga na kushukia chumbani kupitia matundu ya taa. Acha neti siku 7 bila mvua. Usiku wa mvua kubwa usiuhesabu, maana wengi hawatoki. Kisha simama tena jioni mbili. Asipotoka hata mmoja, ziba kwa wavu wa chuma wa kukaushia kahawa, ule hadiwea wanauita kofi trei, ili hewa iendelee kupita. Kwenye mawimbi ya mabati tumia sponji zilizokatwa kwa umbo lake, na kwenye nyufa za ukuta saruji.

Kinyesi

Usifagie kikavu, na usitumie vakyumu ya nyumbani. Vaa N95 iliyobana pua (barakoa ya hospitali haizuii vumbi hili), miwani ya kufunika, glavu za mpira na ovaroli. Changanya lita 10 za maji na vijiko viwili vya sabuni ya maji, nyunyiza kwa bomba la mgongoni kwa nguvu ndogo, subiri dakika 20, kisha zoa kwa koleo ya plastiki kwenye mifuko miwili iliyovishana. Silingi ya jipsamu ikilowa sana huporomoka, kwa hiyo nyunyiza kidogo kidogo na ukanyage kwenye mbao tu.

Jik ije mwisho, sehemu 1 kwa 9 za maji, kwenye uso uliokwisha kuzolewa na kusuuzwa, kwa dakika 10. Ukiimwaga juu ya lundo inafifia kabla ya kuua chochote, na ikikutana na amonia ya mkojo hutoa gesi inayochoma mapafu. Mwenye pumu, mjamzito au mwenye kinga dhaifu asiingie darini. Kuhusu kukigeuza mbolea ya sukuma wiki, tunajua wapo wanaokisifu. Cha darini kizike.

Popo akiingia chumbani, au akikuuma

Zima taa, fungua madirisha, funga mlango wa ndani, ondoka dakika 15. Akitulia ukutani, vaa glavu za ngozi za fundi wa kulehemu, mfunike kwa boksi, pitisha kadibodi nyuma yake, mwachie nje juu ya mti.

Mkwaruzo mdogo usiudharau. Oktoba 2007 popo mdogo alimkwaruza puani mtalii wa Uholanzi huko Tsavo Magharibi. Hakupewa chanjo ya kichaa cha mbwa, na Desemba alifariki kwa virusi vya Duvenhage, ndugu wa kichaa hicho. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 ukitazama saa, paka iodini, usishone, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani huweka mgusano wa moja kwa moja na popo katika daraja la tatu, la juu: chanjo pamoja na immunoglobulini (kingamwili zilizo tayari) kwenye jeraha. Ratiba inayotumika sana ni siku ya 0, 3, 7, 14 na 28. Piga simu kabla ya kufunga safari, kwani immunoglobulini haipatikani kila kituo. Chanjo hiyo ni dhaifu dhidi ya ndugu wa mbali kama virusi vya Shimoni, vilivyopatikana kwa popo wa Pwani mwaka 2009, ndiyo maana kuosha hakurukwi. Mtoto aliyelala chumba kimoja na popo naye apelekwe, hata usipoona alama.

Popo aliyekuuma au kukukwaruza akifa, usimponde kichwa, maana ubongo ndio hupimwa. Mtie kwenye mifuko miwili ukiwa na glavu, mweke kwenye barafu bila kumgandisha, umfikishe Maabara Kuu ya Mifugo, Kabete.