Dari Ikivuja: Shughulikia Paa Kwanza, Rangi Iwe ya Mwisho

Mvua za Machi hadi Mei zinapopamba moto hapa Kisumu, naitwa kwenye nyumba nyingi zenye doa la kahawia darini. Mara nyingi doa limeshapakwa rangi, nalo limerudi. Litazidi kurudi hadi njia ya maji ijulikane.

1. Zima umeme. Maji yakikaribia taa, zima swichi kuu. Kama sakafu iliyo mbele ya swichi imelowa, usiikaribie; ita fundi wa umeme.

2. Toa maji yaliyotuama. Dari iliyofura imebeba mzigo. Ondoa watu na vitu, tega karai, simama pembeni, kisha toboa kwa bisibisi ndefu pale iliposhuka zaidi. Shimo dogo huzibika. Bodi nzima ikianguka huumiza. Lakini kama nyumba ni ya zamani na unashuku dari ni ya asbestosi, usitoboe wala usikate. Vumbi lake huleta saratani.

3. Tafuta chanzo. Hapa usiwe na haraka. Maji huingia mahali pamoja, yakateremka na mbao za paa, yakadondokea mbali kabisa. Panda juu ya dari mchana, ukikanyaga mbao tu, na tochi ikiwa imezimwa: tundu litajionyesha kwa mwanga. Kisha washa tochi, ufuate michirizi ya maji kwenye mbao ukielekea juu.

Kwa paa la mabati, mimi hushuku misumari kwanza. Jua letu huyatanua mabati mchana, yanajikaza usiku, na baada ya miaka misumari hulegea na raba zake kupasuka. Kisha kagua kofia ya paa, yaani bati linalofunika kilele, na pale mapaa mawili yanapokutana, maana majani huziba hapo maji yakafurika. Ukikosa kitu, mtu amwage maji kwa mpira juu ya paa akianzia chini na kupanda polepole, wewe ukiangalia ndani. Doa likikua wakati wa kiangazi, kagua tangi na mabomba.

4. Ziba. Ng'oa msumari uliolegea, weka skrubu nene zaidi yenye raba mpya. Tafadhali usipake simenti juu ya mabati, hupasuka upesi.

5. Kausha. Fungua madirisha, subiri siku kadhaa, hata wiki nzima. Bodi ya jipsamu inayobonyea kwa kidole ikatwe hadi kwenye mbao, iwekwe kipande chenye unene uleule. Bodi laini (softboard) iliyopinda hainyooki tena, ibadilishe. Iliyoota kuvu ndani, itoe pia, ukiwa umevaa barakoa na glavu.

6. Rangi. Ziba matundu na maungio kwa fila, piga msasa, kisha paka doa undakoti ya mafuta, yaani rangi ya kwanza ya chini. Rangi ya maji peke yake hulilowesha doa, nalo likapenya. Undakoti ikikauka, paka dari yote, si kiraka tu, la sivyo pataonekana.